Pima Tisa, Vipigo Vitatu

Ngomeni, Bagamoyo
2 Mfunguo Saba 1303

Kwa dada yangu Chausiku binti Majaliwa, aliye Zinga.

Shikamoo dada. Baada ya salamu nakuuliza hali yako, na hali ya nyumba, na uzito wa eda uliyo nayo. Mimi, ukiniuliza, ni mzima wa kupumua tu. Nakula anacholeta Sikuzani, Mungu amlipe mke wangu, maana hutoka Kerege na kikapu kichwani mpaka huku ngomeni, na humu ndani asiye na mtu wa kumletea chakula hufa kabla ya hukumu. Njiani anapita kwako, ndiye atakayekupa barua hii.

Sikupata kukupa pole ya mumeo. Walinikamata hata maiti haijaoshwa. Basi pole, dada. Najua huna hamu ya mwandiko wangu, lakini baba alitufundisha sisi wawili kuandika, na leo sina mlango mwingine wa kukufikia ila huu.

Sikumuua Bwanausi. Wajua yeye mwenyewe ndiye aliyeniita niangue nazi za maulidi. Nilikuwa kileleni, nikatia mkono kwenye kole la nazi, kikonyo kimoja kilikuwa kimeoza, nazi ikanichopoka. Palepale nikapiga ukelele, “Nazi!” Desturi yetu wakwezi unaijua: twaita, tukaitikiwa “Haya!” na walio chini, ndipo tuangushe. Ile haikungoja kuitikiwa. Wala sikumwona mumeo, makuti yalinikinga.

Neno nililolisema matangani kwa mama, kwamba iko siku nazi itamwangukia Bwanausi kichwani apate akili, nililisema kwa uchungu. Alikukataza kuja kumwuguza mama, akafa anakuita. Sasa shemeji yako Alawi amelipeleka neno hilo kwa kadhi, na watu waliojaa barazani wakaitikia kwa sauti moja: lisemwalo lipo.

Tena amekuja na hesabu. Asema aliinua nazi juu kadiri ya pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, akaiachia huku wanawake wanatwanga. Ikafika chini kwa kipigo kimoja cha mchi. Mnazi wenyewe wameukata, kwa kuwa mti ulioua mtu hauachwi umesimama, na wameupima ukiwa chini, pima tisa. Basi asema nazi ilikaa hewani vipigo tisa. Kadhi akauliza: baina ya ukelele na kishindo mlisikia vipigo vingapi? Maana siku ile wewe na Mwanvita mlikuwa uani mnatwanga kwa kupokezana, hata mimi kule juu niliwasikia. Mwanvita ni dada wa marehemu, naye amesema ana kizunguzungu cha msiba, hakumbuki vyema.

Wewe unakumbuka. Wewe hujasahau hata nani alimaliza asali ya baba. Kumbuka, dada, useme. Vikiwa tisa, ukelele wangu ulitoka pamoja na nazi, na mimi nimepona.

Mdogo wako mtiifu,
Mwinjuma


Zinga
6 Mfunguo Saba 1303

Kwa Mwinjuma bin Majaliwa.

Marahaba. Barua yako imefika, salamu nimezipokea. Mimi ni mzima. Nimevaa kaniki, nimekaa chumba cha uani, sitoki mpaka eda iishe, na mashemeji zangu hunipitishia chakula bila kunitazama usoni. Hiyo ndiyo hali uliyoniuliza.

Umeniambia nikumbuke. Nakumbuka, na laiti ningeweza kusahau. Mchi wangu uligonga kinu palepale wewe ulipopiga ukelele. Kisha ukapiga wa Mwanvita. Ukapiga wangu. Ukapiga wa Mwanvita tena, na kishindo kikaja papo hapo pamoja na mchi wake, nikadhani amepasua kinu. Nikageuka kumcheka. Ndipo nikamwona mume wangu.

Vipigo vitatu, Mwinjuma. Si tisa. Nimevirudia kichwani mpaka nimeugua. Jana Mwanvita alikuja mlangoni, nikamwuliza, naye amekumbuka vilevile.

Unajua baba alinifundisha hesabu za mirathi, nikagawa mafungu ya watu wazima nikiwa bado sijavunja ungo. Tisa ukitoa tatu zinabaki sita. Nieleze vipigo hivyo sita nazi ilikuwa wapi. Alawi asema uliitupa, ukaitazama inashuka, na ulipoona haikosi ndipo ukapiga ukelele wa kuwaridhisha watu.

Bwanausi alikuwa mgumu, sikatai. Kwa mama alinikosea, na nilimwambia. Lakini alikuwa mume wangu, hatukujaliwa mtoto, tulikuwa sisi kwa sisi. Asubuhi ile alinichekesha mpaka nikamwaga maji. Usiniandikie tena kwamba ulikuwa na uchungu. Niandikie juu ya hivyo vipigo sita.

Chausiku


Ngomeni
9 Mfunguo Saba 1303

Dada yangu Chausiku,

Shikamoo. Sikuulizi hali, hali yako nimeiona katika barua. Hukutia neno “dada yako” mwishoni. Nimelitafuta mpaka nyuma ya karatasi.

Sina vipigo sita vya kukueleza, kwa sababu havikuwako. Nisikilize mimi niliyekwea tangu sijaota ndevu. Hesabu yenu inasema nazi inakwenda kama mtu anayetembea barabarani, hatua zake za kwanza na za mwisho sawa. Mimi nimeziangalia toka juu, nyingi mno. Nazi ikiachia huanza kama haitaki. Unaiona kabisa, unaweza kuitukana. Kisha inachapuka, inazidi kuchapuka, na kule chini huioni tena, wasikia kishindo tu. Ni kiasi gani inachapuka sijui, sikupata kuhesabu. Nani mkwezi ahesabu? Sisi hutazama chini kwa kuogopa kuua mtu, na tazama yaliyonipata.

Nimewatuma watu wawaombe wakwezi wenzangu wapande mnazi wa pima tisa, waangushe moja tu mbele ya kadhi. Wamekataa. Mtu akifa kwa nazi, kamba za kukwelea hutundikwa mpaka arobaini ipite, na hakuna atakayeivunja desturi hiyo kwa ajili yangu. Sikuzani amewalilia, amewapigia magoti. Na kadhi hangoji arobaini. Alawi anamhimiza kila siku.

Dada, wewe ndiwe kichwa cha nyumba yetu. Hapo uani pana kisima, kiangazi hiki nadhani kimekauka. Usitoe tatu katika tisa ukatosheka. Jaribu. Mfa maji haachi kutapatapa, nami ndiye huyo. Ukijaribu ukaona bado ni vipigo sita, basi waambie waninyonge, nami sitakulaumu.

Mdogo wako, upende usipende,
Mwinjuma


Zinga
13 Mfunguo Saba 1303

Kwa mdogo wangu Mwinjuma,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hujambo? Unakula? Sikuzani asema umekonda hata pete imekutoka kidoleni. Kula. Nina jambo la kukuambia na naandika kwa haraka, basi vumilia mwandiko.

Nilianza kwa hasira. Nilitaka kukuonyesha kwamba unasema uongo. Jioni Mwanvita hutwanga na jirani yetu Sada kwa kupokezana, mwendo uleule tuliokuwa tukitwanga siku ile, nami nasikia kila kipigo toka uani kwangu. Kwanza niliangusha nazi toka pima moja, kama Alawi. Kipigo kimoja, kweli. Nikaenda kisimani. Kimekauka, nimekipima kwa kamba, pima nne. Kwa hesabu ya Alawi vipigo vinne. Nikaachia nazi mchi ulipogonga.

Vipigo viwili!

Nikasema nimekosea. Nikarudia mpaka nazi zote za mchuzi zimeishia kisimani. Viwili, Mwinjuma, kila mara viwili. Basi nazi ilipita pima moja katika kipigo cha kwanza, na katika cha pili ikapita pima tatu. Ulisema kweli, inachapuka.

Lakini hapo nikaogopa zaidi. Moja, kisha tatu, kisha ngapi? Kisima kimeishia hapo, na mnazi haupo. Je, yaongezeka mara tatu kila kipigo, moja, tatu, tisa? Au ni vinginevyo? Nilikaa na swali hilo siku nzima, chakula kikapoa. Kilichonisaidia ni kwamba nazi ina haraka kuliko macho yangu. Nikasema nitafute kitu kinachoshuka polepole, nikione.

Pale ukutani pana ule mfereji wa gogo la mnazi wa kukingia maji ya mvua. Nikaulaza, ncha moja juu ya kinu kibovu nilichokipindua, ncha nyingine chini. Nikachukua risasi moja ya gobori la marehemu, ile ya mviringo. Nikaiachia juu ya mfereji mchi ulipogonga, na kila kipigo nikatia alama ya mkaa palipofika. Si mara moja. Mara nyingi, mpaka alama zikakubaliana. Kisha nikapima kwa shibiri za mkono wangu. Kipigo cha kwanza, shibiri moja. Cha pili, tatu. Cha tatu, tano. Cha nne, saba.

Unaona? Si mara tatu. Kila kipigo kinazidi kilichotangulia kwa mbili, kiongezo kilekile tu, hakipungui wala hakikui. Nikaushusha mfereji kidogo, risasi ikaenda taratibu zaidi, lakini ukipima kwa hatua yake ya kwanza mpango ni uleule: moja, tatu, tano, saba. Nikauinua, ikakimbia, na mpango ni uleule. Basi na nazi, ambayo njia yake ni kama mfereji uliosimama wima, haina sababu ya kuwa na mpango mwingine. Kipigo cha kwanza pima moja, cha pili tatu, cha tatu tano. Jumlisha mwenyewe.

Tisa. Pima tisa kwa vipigo vitatu!

Nililia kwa sauti, wakadhani namlilia marehemu, nami nilikuwa nakulilia wewe. Vile vipigo sita havikuwako. Ukelele wako na nazi vilitoka pamoja. Nilikaa humu nikikuita muuaji moyoni, nikila na kunywa, na wewe uko kwenye giza hilo. Nisamehe, mdogo wangu. Sina uso.

Alawi alichungulia akanikuta nimelala kifudifudi natazama risasi. Amekwenda kutangaza kwamba mjane wa ndugu yake anacheza gololi ndani ya eda. Na atangaze. Mwambie kadhi nataka kutoa ushahidi.

Dada yako,
Chausiku


Ngomeni
16 Mfunguo Saba 1303

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo tena shikamoo. Mimi sijambo, leo hasa sijambo. Nimesoma barua yako mpaka naijua kwa moyo, nikawasomea na wenzangu wa humu ndani. Mmoja, mwizi wa ng'ombe, amechora alama zako ukutani kwa ukucha. Moja, tatu, tano. Amesema angekuwa na dada kama wewe asingeiba.

Nimempelekea kadhi maneno. Kwa kuwa uko edani hawezi kukuita barazani, atatuma mashahidi wawili waadilifu waje wakusikilize nyuma ya pazia, waandike. Wasemee taratibu. Wewe ukiwa na haki hukimbilia mwisho wa maneno, na watu hawakufuati. Waonyeshe mfereji. Waache waachie risasi kwa mikono yao wenyewe.

Sikuombi unisaidie kwa udugu. Waambie ulichopima tu. Nataka nitoke humu nikiwa safi, nipite Zinga mchana kweupe nikusalimie mlangoni.

Mdogo wako,
Mwinjuma


Zinga
20 Mfunguo Saba 1303

Kwa mdogo wangu,

Salamu sana. Sijui nianze wapi. Walikuja jana, wazee wawili wenye vilemba, na Alawi nyuma yao. Niliketi nyuma ya pazia nikasalimu. Nikasema taratibu kama ulivyoniagiza. Nilipofika kwenye mfereji mmoja wao akacheka, akasema, “Binti yangu, risasi si nazi, na mfereji si mnazi.” Nikamwambia, “Kweli, sharifu, lakini kisima je?” Akasema ataona. Hakuinuka.

Hapo Alawi akaingia kati. Akauliza, “Pima ya nani?” Unajua Alawi alivyo mrefu. Mnazi aliupima yeye, kwa mikono yake. Kisima nilikipima mimi, kwa yangu. Sikuliwaza hilo hata kidogo, mimi mwenye kichwa! Kwa pima zangu mnazi ule ni kumi na zaidi. Akageuka kwa wazee, akasema, “Mmeona? Hesabu yake imevunjika. Tisa yake si tisa.”

Nikapaza sauti, eda au si eda. Nikasema haikuvunjika! Kule chini nazi inakimbia kuliko mahali pengine popote, katika kipigo cha nne ingepita pima saba. Pima moja na kidogo iliyozidi inaipita kabla hujafumba jicho, hata robo ya kipigo haifiki. Na hiyo robo ni mtu kushtuka na kufumbua kinywa. Mtu aliyekusudia kuua hana cha kushtukia. Mdogo wangu alishtuka! Nikasema mkizidisha mnazi mkaongeza pima nyingine mbili, bado hampati vipigo tisa wala vitano.

Yule aliyecheka hakucheka tena, nikadhani ameelewa. Kisha akamwambia mwenzake aandike. Nilisikia kalamu, ikakwaruza muda mfupi mno. Nikaomba nisomewe. Wameandika kwamba mimi Chausiku nimekiri kusikia vipigo vitatu, na kwamba mnazi si pungufu ya pima tisa. Basi. Kisima hakimo. Mfereji haumo. Moja, tatu, tano hazimo. Nikawaambia hilo silo nililosema. Wakasema ndilo linalohusu.

Nimekutia kitanzi kwa mdomo wangu. Niandikie upesi.

Dada yako,
Chausiku


Ngomeni
22 Mfunguo Saba 1303

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na huenda ni salamu ya mwisho ya uzima kutoka kwangu.

Kadhi amehukumu kisasi, Ijumaa hii baada ya sala. Hakunitukana, hata nilimwona macho yamemlegea. Kisha akasema jambo mbele ya watu wote, nalo ndilo lililonifanya niombe karatasi. Alisema kisasi ni haki ya warithi wote wa marehemu, wanaume na wanawake, na mke ni mrithi. Akisamehe mmoja wao tu, kisasi kimeanguka, siuawi. Alawi akabadilika rangi. Watu wote wakageuka wakanitazama, nami nikajua wanakuwaza wewe.

Dada, usinisamehe.

Tafadhali nisome mpaka mwisho kabla hujalia. Anayesamehe amekubali kwamba kuna kosa. Siku utakayosema “nimemsamehe”, imeandikwa kwamba Mwinjuma mkwezi alimuua shemeji yake, na dada yake akamwachia. Nitatoka nikaishi wapi? Nani ataniita nipande mnazi wake, huku watoto wake wanacheza chini? Wanangu wataitwa wana wa muuaji mpaka wajukuu. Na wewe watasema mlipanga pamoja. Nikifa Ijumaa nimedhulumiwa, na arobaini itakapopita wakwezi watapanda, watu watasikia vipigo vitatu kwa masikio yao, na jina langu litasafika. Ni siku chache tu baada ya Ijumaa. Jina linaweza kungoja.

Sikuzani analia hapa ukutani, asema mimi nina wazimu, jina halilishi watoto. Nimemwambia anyamaze. Yeye hana uwezo, wewe unao. Naogopa kufa, sikufichi. Usiku huu sijui nitaupitishaje. Lakini hili la kuishi na kosa nisilolitenda naliogopa zaidi. Kama umepata kunipenda hata siku moja, uache mdomo wako umefungwa.

Mdogo wako,
Mwinjuma


Zinga
23 Mfunguo Saba 1303

Mwinjuma, mwana wa mama yangu,

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho. Kisha nikamwita Mwanvita, nikamwomba awaite wale wazee wawili, nao wamekuja kabla ya adhuhuri. Nimesema mbele yao mara tatu ili pasiwe na shaka. Nimesamehe. Wameandika, na karatasi ya safari hii nimewaomba waniachie niitazame mpaka mwisho, yote imeandikwa sawasawa.

Mama alikufa sikuwako. Mume amekufa nimempa mgongo. Wewe siwezi. Nitukane.

Dada yako,
Chausiku


Zinga
4 Mfunguo Nane 1303

Kwa mdogo wangu Mwinjuma, aliye Kerege.

Salamu sana, na baada ya salamu nakuuliza hali yako, na Sikuzani, na watoto. Nimesikia ulitoka Jumamosi ile. Nimesikia ulipita Zinga mchana. Nilikuwa dirishani tangu asubuhi, nikaona mtu mwembamba ameshika njia ya upande wa pili, hakugeuza shingo. Nikajiambia si wewe. Baadaye Mwanvita akaniambia ni wewe.

Nakuandikia kwa sababu lile ulilolingoja limetokea. Arobaini imepita, kamba zimeshushwa. Juzi Mwanvita mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, aliwaendea wakwezi akawaomba. Wakachagua mnazi mrefu wa jirani, wakaupima kwa kamba moja, pima zile zile za Alawi, tisa kasoro kidogo. Watu wakajaa. Mwanvita na Sada wakatwanga. Mkwezi akapiga ukelele na kuachia kwa pamoja. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kishindo! Wakarudia mara nyingi. Nilikuwa ndani, nikasikia kila kitu, kishindo kilekile cha siku ile. Mwanvita alitupa mchi akaja kunikumbatia, akalia mpaka nikaogopa.

Nilidhani yamekwisha, Mwinjuma. Nilidhani watakwenda kwako kwa miguu kukutaka radhi. Alawi alisimama pale uani, wote wanamngoja yeye. Kisha akasema, si kwa ukali, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli: “Kama hakuua, dada yake alimsamehe nini?”

Nikasema nyuma ya pazia, nilisamehe ili asife. Nikasikia watu wanaondoka mmoja mmoja. Nimemwandikia kadhi. Amejibu kwa upole kwamba shauri lililokwisha kwa msamaha halifunguliwi, na nimshukuru Mungu ndugu yangu yu hai.

Namshukuru. Kila siku namshukuru. Nijibu.

Dada yako,
Chausiku


Zinga
5 Shaabani 1303

Kwa mdogo wangu Mwinjuma,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yako. Mimi ni mzima, eda imekwisha. Siku ya kwanza ya kutoka sikwenda kwingine, nilikuja Kerege. Nyumba yenu nimeikuta imefungwa, mlango umesukwa makuti. Jirani ameniambia mmehamia Pangani, na kwamba kabla ya hapo kulipita msimu mzima wa kuangua bila mtu kukuita kwake. Akaniambia watoto walikuwa wakicheza, ukipita chini ya mnazi hukimbia huku wanapiga kelele “Nazi!” Akacheka kidogo, kisha akakumbuka mimi ni nani.

Sikuzani nimekutana naye Bagamoyo, alikuja kuuza mikeka. Ameipokea barua hii kwa sababu nimemshika mkono. Zile nyingine asema amekupa zote, na zote ziko juu ya dari, hazijafunguliwa. Nimemwuliza kama unakula. Asema unakula. Nimemwuliza kama unataja jina langu, akatazama mikeka yake.

Lolote ulilosema litatokea limetokea. Wewe ulihesabu vizuri kuliko mimi. Lakini Ijumaa ile ingekuja tena kesho, na barua yako ile mkononi, ningewaita wale wazee tena. Siwezi kukudanganya hata ili unijibu.

Nilikusamehe jambo ambalo hukulitenda. Mimi nimelitenda langu, nami nakuomba unisamehe. Ukishindwa, niandikie kwamba umeshindwa. Sikuzani atarudi na mikeka mingine kabla ya Ramadhani, nitakuwa pale sokoni.

Dada yako,
Chausiku